Umepimwa arseniki, risasi au zebaki ukakuta iko juu? Pita hapa kabla hujapaniki

#1 Chujio (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wanajukwaa.

Kazi yangu ni maabara. Napima maji, damu, mikojo, nywele, na siku nyingine naletewa kipande cha ini la ng'ombe kwenye mfuko wa plastiki kinachonuka hadi mlinzi wa getini anahama. Kila wiki napokea picha ya karatasi ya majibu na swali lile lile: "Mkuu, hii ni sumu?" Picha imekatwa, kizio (kama ni mikrogramu au miligramu) hakionekani, aina ya sampuli haionekani. Leo naandika mara moja. Nikiulizwa tena natuma kiungo cha uzi huu naenda kulala.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa tunajaribu mashine mpya, kila mfanyakazi akatoa mkojo wake utumike kama wa mtu asiye na tatizo. Wa kwangu ukaja na arseniki mara nane ya wenzangu. Siku nzima nilikuwa nageuza vidole kwenye mwanga natafuta ile mistari myeupe inayokatiza kucha, maana nilishaisoma kitabuni. Na niliiona! Ukitazama kucha zako kwa hofu ya kutosha, mstari utaupata tu. Jioni mzee mmoja wa maabara akaniuliza jana nilikula nini. Nikasema samaki wa baharini, tena na kaa. Alicheka mpaka akavua miwani.

Viumbe wa baharini wana arseniki nyingi, lakini sehemu kubwa imefungwa kwenye umbo linaloitwa arsenobetaini. Hiyo mwili hauigusi, inaingia na kutoka kama ilivyo. Mashine inayopima arseniki jumla haina habari na hilo, inajumlisha yote. Ndiyo maana mtu anayekwenda kupimwa anatakiwa kukaa siku 3 hadi 5 bila kitu chochote cha baharini, au maabara itenganishe maumbo moja moja.

Kwa hiyo swali la kwanza ni umbo gani. Arseniki inayoua ni ile isiyo ya viumbe hai, ya mawe, maji na dawa za zamani za wadudu, na yenyewe ina sura mbili.

Arseniti inapenda salfa. Vimeng'enya vingi vya mwili vina vishikio vya salfa, na ikivikamata haviachii. Kimojawapo ni kile kinachopitisha sukari iliyovunjwa iende kutengenezwa nguvu ndani ya seli. Kikishikwa, chakula kipo mlangoni na seli inakufa njaa. Arseneti ni tapeli wa namna nyingine. Inafanana na fosfeti, seli inaipokea kwa mikono miwili na kuipachika pale nguvu inapohifadhiwa, halafu kiungo kinavunjika papo hapo na kazi yote inakuwa bure. Kuna na ya tatu, gesi ya arsini, inayotokea pale asidi inapokutana na metali yenye arseniki. Hiyo inapasua chembe nyekundu za damu, na mtu anakojoa mkojo wa rangi ya mvinyo ndani ya saa chache.

Swali la pili ni lini. Arseniki haikai kwenye damu, saa chache tu inaondoka. Mkojo unakuambia habari za siku 2 hadi 4 zilizopita. Nywele na kucha zinakuambia za miezi, ila nywele zinaokota vumbi na maji ya kuoga, kwa hiyo nywele ya mtu anayeoga maji ya kisima chenye arseniki inaweza kusoma juu hata kama hajameza tone. Risasi ni habari nyingine kabisa. Damu inaonyesha mfiduo (yaani kukutana na sumu) wa wiki kadhaa zilizopita, lakini mzigo wenyewe uko kwenye mifupa na unakaa huko miongo. Mifupa inapolegeza kalisi, kwa mfano wakati wa ujauzito au uzeeni, risasi ya utotoni inarudi kwenye damu. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, inajichimbia kwenye figo miaka 10 hadi 30.

Swali la tatu ni nani, maana mtu si ng'ombe na ng'ombe si kondoo. Hilo nawaachia wa mifugo waje.

Na kizio, jamani! Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za arseniki kwa lita, tangu 1993. Hiyo ni gramu 1 iliyoyeyushwa kwenye lita 100,000. Kwenye miligramu inaandikwa 0.01. Nimeshaona mtu kasherehekea "0.05, karibu sifuri" kumbe ni mara 5 ya kikomo.

Karibuni.

#2 Kimya Kingi

Mkuu Chujio umeandika kama unanijua. Nina karatasi hapa mkononi, mkojo, arseniki jumla mikrogramu 212 kwa lita. Nilipimwa kwa sababu ya ganzi nyayoni, kama nimevaa soksi ambazo sijavaa. Daktari alisema "tutafuatilia". Samaki nala, tena sana, karibu kila siku. Maji natumia ya kisima changu mwenyewe, kirefu, masafi, yanameta. Nilikuwa silali kwa siku 3.

#3 Chujio

Kimya Kingi, lala ndugu yangu. Samaki kila siku na arseniki jumla 212, mimi naona ndiyo hadithi yangu ile ile. Achana na vya baharini siku 5 upime tena, na uombe watenganishe maumbo.

#4 Bwana Josho

Naweka kambi hapa. Mimi ni wa mifugo.

Kwanza Kimya Kingi, usilale moja kwa moja. Hicho kisima kimewahi kupimwa? Simaanishi vijidudu, namaanisha metali. "Yanameta" si kipimo. Arseniki haina rangi, haina harufu, haina ladha.

Sasa upande wangu. Niliitwa boma moja, ng'ombe wanne wamegonjeka kwa mpigo, wawili wameshakufa. Wa tatu kipofu, macho yapo wazi na ukipeleka mkono hapepesi. Kabandika paji la uso ukutani anasukuma kama anataka kuhamisha nyumba, huku anasaga meno, unasikia kabisa *krr krr*. Wenye mifugo walishahukumu: kichaa cha mbwa. Na hata mimi nilivaa glovu mbili, maana huwezi kujua.

Nikazunguka nyuma ya banda. Betri la gari limepasuka, limetupwa kwenye majani. Sahani za ndani zilikuwa zimelambwa hadi zimeng'aa pembeni. Ng'ombe ana udadisi wa mtoto, na risasi ya betri ina chumvi chumvi inayomvutia. Tulipompasua mmoja, kwenye tumbo la pili, lile lenye matundu kama sega la nyuki, kulikuwa na vipande vyeusi vimetulia. Vitu vizito hukaa humo humo. Ndiyo maana ukimtibu ng'ombe kwa sindano na hujatoa vile vipande, damu inashuka wiki moja halafu inapanda tena.

Yule kipofu tulimpa dawa ya kunasa risasi pamoja na vitamini B1, akarudi kuona kidogo kidogo. Wa nne hakuwa na dalili yoyote. Huyo ndiye aliyenipa kazi, kwa sababu mwenye mali alitaka kuendelea kukamua. Ng'ombe aliyelamba risasi anaweza kuonekana mzima na maziwa yake yakawa hayafai kwa miezi. Tulibishana mpaka jua likazama. Akakubali kupima damu, na iliporudi hakubisha tena.

Arseniki kwa ng'ombe ni ya haraka kuliko hiyo. Mara nyingi unakuta amekufa tu, au anaharisha maji matupu yenye damu, tumbo linamuuma, anayumba, na siku moja haiishi. Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni majivu. Nguzo na mbao za uzio za zamani hutiwa dawa ya shaba, kromiamu na arseniki zisiliwe na mchwa. Mtu anazichoma, kuni zinaondoka na moshi, arseniki nyingi inabaki kwenye majivu. Ng'ombe wanayafuata wakidhani ni chumvi.

Halafu kuna majosho. Kabla ya dawa za kisasa za kupe, mifugo duniani ilikuwa inaogeshwa kwa arseniki. Josho lilishabomolewa, nyasi zimeota, hakuna anayekumbuka. Arseniki yenyewe ni elementi, haiozi. Bado iko kwenye udongo ule ule pale maji yalipokuwa yanamwagwa.

#5 Mtata

Mnatutisha tu. Nimesoma mahali kwamba watafiti waliwapa panya arseniki miaka na miaka na hawakupata saratani. Kama panya hakupata, hii habari ya saratani mmeitoa wapi?

#6 Chujio

Mtata leo umeuliza la maana, sikutegemea.

Ni kweli, kwa muda mrefu arseniki ilikuwa kituko cha sayansi ya sumu. Kawaida mnyama anaonyesha kwanza, ndipo mtu anashukiwa. Arseniki ilikuwa kinyume, ushahidi kwa watu umejaa, kwa wanyama haupo. Na shida ilikuwa kuchagua mnyama.

Ini la mtu huichukua arseniki na kuibandika vikundi vidogo vya kaboni, kimoja halafu cha pili, kisha inatoka kwa mkojo. Zamani tuliita kazi hiyo kusafisha sumu, lakini siku hizi tunajua baadhi ya maumbo ya katikati ni makali kuliko arseniki yenyewe. Panya wakubwa wa maabara wana himoglobini ya ajabu inayoikamata ile iliyobandikwa na kuishikilia ndani ya chembe nyekundu hadi chembe zife. Kwa hiyo ukimpima panya damu utadhani arseniki inakaa mwilini miezi, na kwa mtu si hivyo. Simbilisi (guinea pig) karibu hawabandiki kabisa. Marmoseti nao, wale nyani wadogo, hawabandiki. Sokwe pia, ambaye ni binamu yetu wa karibu kuliko wote hao.

Mlango ulifunguka mwaka 2003. Watafiti Marekani waliwanywesha panya wadogo wenye mimba maji ya arseniki kwa siku 10 tu. Watoto wakazaliwa, wakakua kwa maji safi, na walipozeeka wakapata uvimbe wa ini, tezi za adrenali, ovari na mapafu.

Kwa watu nenda Antofagasta, mji wa Chile ulio jangwani. Mwaka 1958 walibadilisha chanzo cha maji, wakaleta mto wenye arseniki zaidi ya mikrogramu 800 kwa lita. Mwaka 1970 wakajenga mtambo wa kuitoa. Yaani miaka 12, ina mwanzo na mwisho kama jaribio, ingawa hakuna aliyekusudia. Vifo vya saratani ya mapafu na ya kibofu vikaendelea kuwa juu miongo kadhaa baada ya maji kusafishwa.

Hata watu hatufanani. San Antonio de los Cobres, kijiji cha milimani Ajentina, watu wamekunywa maji yenye arseniki kwa maelfu ya miaka. Utafiti uliotoka 2015 ulikuta wengi wao wana sura maalumu ya jeni linalotengeneza kimeng'enya cha kubandika, na miili yao inaitoa arseniki kwa ufanisi kuliko wengine. Wale ambao hawakuwa nayo, nadhani unaelewa walikwenda wapi.

#7 Bwana Josho

Hapo kwenye mnyama gani niongeze moja tu. Kondoo na shaba. Shaba ni kirutubisho, nguruwe unampa nyingi anapendeza. Mpe kondoo chakula kile kile cha nguruwe. Miezi inapita yuko sawa kabisa, ini linaweka akiba. Siku moja anapata msukosuko, safari au baridi, ini linaachia yote kwa mpigo, chembe nyekundu zinapasuka. Asubuhi unakuta macho ya njano, mkojo mweusi, na ukimpasua figo zimekuwa na rangi ya bunduki. Mwenye mali anaapa hajabadilisha chakula. Na ni kweli hajabadilisha.

#8 Mama Pacha

Samahani wataalamu, mimi si msomi wa haya mambo. Maswali mawili. Maji nachemsha kila siku, je hiyo inatosha? Na pacha wangu mmoja alichomwa kidole shuleni kupimwa risasi, ikaja mikrogramu 9. Wa pili 2. Wanalala chumba kimoja, wanakula sahani moja. Inawezekanaje?

#9 Chujio

Dada yangu Mama Pacha, uulize tu, hapa hakuna swali dogo.

Kuchemsha kunaua vijidudu, na uendelee. Metali hazifi. Kinachoondoka kwenye sufuria ni mvuke, arseniki inabaki. Ukianza na lita 2 zikabaki lita moja na nusu, umeongeza makali yake kwa theluthi.

Hapo ndipo Bangladeshi waliponaswa. Miaka ya 1970 watu walikuwa wanakufa kwa kuharisha kutokana na maji ya madimbwi, wakachimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni, na vifo vya watoto vikapungua kweli. Hakuna aliyepima arseniki, haikuwa kwenye orodha. Chini ya ile delta, arseniki imejishika kwenye kutu ya chuma ndani ya matope, na pale hewa inapokosekana kutu inayeyuka na kuiachia majini. Upande wa pili wa mpaka, Bengali Magharibi, daktari wa ngozi K. C. Saha alianza kuona viganja vyenye sugu na vifua vyenye madoa kama matone ya mvua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bangladeshi yenyewe iligundulika 1993. Mwaka 2000 Allan Smith na wenzake waliandika kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba ni kutiwa sumu kwa watu wengi kuliko kote katika historia. Suluhisho la kwanza lilikuwa rangi, pampu yenye arseniki ikapakwa nyekundu, salama ikapakwa kijani. Na unaweza kukuta nyekundu na kijani zimeachana hatua chache tu.

Chujio za mkaa peke yake hazikusaidii kwa arseniki. Zinazofanya kazi ni za utando wa shinikizo, au zenye chembe za chuma au alumina. Hata hizo zinaishika vizuri arseneti, lakini arseniti haina chaji kwenye maji ya kawaida na inapenya, kwa hiyo maji hutiwa klorini kwanza ili igeuke. Kwenye jina langu kuna chujio na bado nasema pima kabla ya kununua chujio.

Pacha sasa. Kidole cha mtoto kina vumbi, na tone la damu linapopita kwenye ngozi isiyooshwa linaokota risasi ya nje. Kwa hiyo 9 ya kidoleni ni ya kurudiwa kwa damu ya mshipa. Ila usiipuuze, maana hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Marekani tangu 2021 wanaanza kufuatilia mtoto akifika 3.5 kwa desilita. Kama mshipa nao utasema 9, tafuta tofauti ya tabia: nani ananyonya vidole, nani analala upande wa dirisha lenye rangi ya zamani inayobanduka. Na wapimwe wote wawili upungufu wa chuma, kwa sababu tumbo lenye njaa ya chuma linafyonza risasi zaidi.

#10 Safisha Mwili

Wadau msihangaike na maabara. Mimi nina beseni la umeme la miguu, dakika 30 tu unaona kwa macho yako maji yanageuka kahawia, metali zote zinatoka nyayoni. Pia kuna kipimo chetu, unakunywa dawa ya kunasa metali halafu unapima mkojo, 9 kati ya watu 10 wanakutwa na sumu. Karibuni PM.

#11 Chujio

Safisha Mwili, fanya jambo moja. Weka maji ya chumvi kwenye beseni lako, washa umeme, usiweke mguu wa mtu yeyote. Rudi baada ya dakika 30. Yatakuwa kahawia vile vile, ile ni kutu ya vipande vya chuma vilivyomo kwenye kifaa.

Hicho kipimo ndicho kinachoniudhi zaidi, kwa sababu kinavaa koti la daktari. Kila binadamu ana risasi kidogo. Ukimpa dawa ya kunasa, itatoka nyingi kwa saa hizo, lazima, ndiyo kazi ya dawa. Halafu unalinganisha na viwango vya watu ambao hawakunywa dawa! Kwa mtindo huo hata mtoto mchanga utamkuta na sumu.

Dawa zenyewe ni za kweli, tusizidharau. Ya kwanza, dimekaproli, ilitengenezwa Oxford wakati wa Vita Kuu ya Pili dhidi ya gesi ya arseniki ya kivita. Ikabuniwa kwa kufuata tabia ile ile niliyosema juu: arseniki inapenda salfa, basi mpe salfa nyingine aishike, aachie kimeng'enya. Lakini zinanasa na vitu unavyovihitaji. Mwaka 2005 Marekani mtoto alikufa baada ya kupewa dawa ya kunasa yenye jina pacha na ile sahihi, tofauti ni kwamba moja imeshabeba kalisi na nyingine haijabeba. Isiyobeba ilikwenda kuichukua kalisi kwenye damu yake, moyo ukasimama.

#12 Mtata

Mimi nina njia ya bure. Chakula ukikitilia shaka, mpe kuku kwanza. Akipona, kula. Babu zetu walifanya hivyo na hawakuwa na maabara.

#13 Bwana Josho

Mtata, hiyo ilishajaribiwa, na mwisho wake umeandikwa.

Iraki, mwisho wa 1971. Baada ya ukame wakulima walipewa mbegu za ngano kutoka nje, zimepakwa dawa ya ukungu yenye zebaki-methili, na zimetiwa rangi nyekundu kama onyo. Maandishi ya magunia hayakuwa kwa lugha yao. Watu waliziosha, rangi ikatoka, wakaona sumu imetoka. Wengine walifanya kama unavyosema wewe, wakawapa kuku siku kadhaa. Kuku wazima. Wakasaga, wakaoka mikate. Zebaki-methili haiumi siku hiyo, inachukua wiki hadi miezi. Inaanza na ganzi midomoni na vidoleni, halafu kuyumba, uwanda wa macho unafinyika kama unachungulia bombani. Waliolazwa hospitalini ni 6,530, na 459 kati yao wakafa.

Mnyama ni shahidi mzuri ukimsikiliza kwa muda wake. Minamata, Japani, paka walianza kuyumba, kuzunguka, wengine wakatumbukia baharini. Watu wakasema paka wanacheza ngoma. Paka walikuwa wanakula samaki wale wale wa ghuba ambayo kiwanda kilikuwa kinamwagia zebaki. Ugonjwa kwa watu ukatangazwa rasmi Mei 1956. Daktari wa kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, alimlisha paka maji taka ya kiwanda mwaka 1959. Kwenye daftari anajulikana kama paka namba 400. Akaugua vile vile. Kiwanda kikazuia majibu yasitoke, na kumwaga kukaendelea hadi 1968.

Kwa hiyo nikija kwako, mimi kabla ya kuuliza habari zako nauliza habari za paka, mbwa na bata. Kimya Kingi upo? Una mnyama anayekunywa maji ya kisima hicho?

#14 Kimya Kingi

Nipo, nasoma kila kitu. Nina mbwa. Mzima, anabweka usiku kucha. Majibu ya pili nasubiri. Nimepeleka na maji pia, sababu yako Bwana Josho. Chupa walinipa wao na dawa yao ndani, wakaniambia nisiisuuze.

#15 Chujio

Vizuri sana kuhusu chupa. Ile ni asidi, inazuia arseniki isijishike kwenye kutu na kuta za chupa. Watu wengi wanaleta maji kwenye chupa ya soda iliyokaa juani wiki, halafu wanafurahi majibu yakiwa madogo.

#16 Kimya Kingi

MREJESHO.

Siku 6 bila samaki, kaa, pweza, chochote cha baharini. Arseniki jumla imeshuka kutoka 212 hadi 61. Nikashangilia. Halafu nikafungua ukurasa wa pili ambapo wametenganisha maumbo, wameandika: arseniki isiyo ya viumbe hai pamoja na zilizobandikwa, 52.

Kisima: 58.

Mkuu Chujio, hii nayo ni samaki?

#17 Chujio

Si samaki, kaka. Ni maji.

Nilikuambia ulale na sikupaswa. Nilisoma 212 nikaona hadithi yangu mwenyewe, nikaruka neno "ganzi" ambalo ulikuwa umeliandika mstari huo huo. Samaki walikuwa wamebeba takribani 150 kati ya zile 212 na kuficha 50 na ushee zilizokuwa za kweli. Wafanyakazi wa viwandani walifuatiliwa miaka mingi kwa kikomo cha 35 kwa hayo maumbo, na wewe uko juu yake kwa kunywa tu.

Kosa langu ni la miaka mingi, tena kuna waliolifanya kabla yangu. Mwaka 1900 Manchester na miji jirani maelfu ya watu walipata ganzi miguuni, na madaktari wakaandika "pombe" kwa sababu wote walikuwa wanywaji. Ni daktari Ernest Reynolds aliyeshangaa kwa nini wanywaji wa pombe kali hawapati na wanywaji wa bia wanapata. Ilikuwa arseniki, imeingia kwenye sukari ya bia kupitia asidi ya salfa chafu. Maelezo yalikuwepo tayari na yalifaa, kwa hiyo hakuna aliyetafuta jingine.

Sasa fanya hivi. Acha maji hayo kwa kunywa na kupikia leo hii. Kuoga na kufulia si tatizo, ngozi haiifyonzi kwa kiasi cha kutisha. Rudi kwa daktari na kurasa zote mbili, zungumzeni ganzi, na aangalie viganja na nyayo zako. Dawa ya kunasa kwa mfiduo wa muda mrefu kama wako haina faida iliyothibitishwa, usikubali mtu wa PM akuuzie. Kuacha chanzo ndiyo tiba kuu. Mkojo utashuka ndani ya siku. Ganzi haina haraka hiyo, inaweza kuchukua miezi, na pengine isiishe yote.

#18 Bwana Josho

Kimya Kingi, jirani zako wana visima?

#19 Kimya Kingi

Wa karibu yupo hatua 40 hivi, kisima chake kirefu zaidi ya changu. Nimemwambia jana, mwanzoni alidhani namtafutia ubaya. Amepima. 4.

Kwa hiyo nachota kwake. Asubuhi ndoo mbili, jioni moja. Pampu yangu nimeipaka rangi nyekundu.

#20 Bwana Josho

Na mbwa?

#21 Kimya Kingi

Ndoo ya jioni ni ya kwake.